Plagi nne kwenye injini ya plagi tatu: nilivyohangaika na Vitz inayokula mafuta

Naanza na aibu yenyewe ili tusizungukane: nimewahi kulipia plagi nne za gari ambalo injini yake inachukua tatu. Nikasema asante, nikaongeza na hela ya soda ya fundi, nikaondoka nikiwa nimeridhika kabisa. Nayaandika haya kwa yule ambaye taa ya mafuta inamwakia mapema kuliko zamani na anajiandaa kwenda gereji Jumamosi hii. Subiri kwanza.

Gari ni Toyota Vitz ya 2007, injini ya lita moja, pistoni tatu. Nililinunua Dar es Salaam kwa mkopo wa mshahara, na nilichagua Vitz kwa sababu moja tu, mafuta. Mwalimu hanunui gari la kunywa. Nilikuwa naishi Mbezi na kufundisha maeneo ya Ubungo, na ya 40,000 niliyoweka Jumapili jioni ilinifikisha Ijumaa, Jumamosi nikaenda nalo sokoni Mabibo. Miaka miwili sikujuta.

Halafu ukaja uhamisho wa Mbeya. Nyumba tukapata maeneo ya Nane Nane, shule iko upande wa Mwanjelwa. Safari zangu zikawa fupi kuliko za Dar, na foleni ya Mbeya ukiilinganisha na ya Kimara ni mzaha. Nikajua sasa nitapumua. Wiki ya pili tu, Alhamisi, taa ya mafuta ikawaka.

Nilianza kulaumu bei. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, wanatangaza bei kikomo kila mwezi, Jumatano ya kwanza, na Mbeya iko mbali na bandari kwa hiyo lita huku inazidi ya Dar. Hilo ni kweli, lakini tofauti yenyewe ni shilingi mia na kitu kwa lita. Haiwezi kumeza siku mbili za wiki. Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo: nilikuwa napima mafuta kwa shilingi. Shilingi inadanganya, maana bei inapanda na kushuka huku gari likibaki lilelile. Ningekuwa nahesabu lita na kilomita, ningejua mwezi wa kwanza kwamba tatizo liko kwenye gari.

Baada ya bei nikalaumu sheli. Wenzangu ofisini walinipa majina ya sheli "zinazopunja" na mimi nikahama kutoka moja kwenda nyingine kama mtu anayetafuta mganga. Kila pampu niliyoiangalia ilikuwa na stika ya Wakala wa Vipimo, na kila sheli niliyoijaribu matokeo yalikuwa yaleyale. Ukibadilisha sheli tatu na hali haibadiliki, waache watu wa sheli wafanye kazi yao.

Mwezi Aprili nikaenda gereji ya kwanza, na nakiri kwamba nilienda na jibu mkononi. Kwenye kundi letu la WhatsApp la wamiliki wa Vitz kuna mtu alikuwa ameandika kwamba gari likianza kula mafuta, badilisha plagi na eakilina, yaani chujio la hewa. Nikaingia gereji nikasema, "Fundi, naomba unibadilishie plagi na eakilina, gari inakula sana."

Fundi akasema, "Umesema vizuri madamu, hapo hapo."

Angesemaje tena? Mteja ameshajiandikia dawa mwenyewe. Alifungua boneti, akachungulia, akaniandikia kwenye kipande cha boksi: plagi nne 60,000, eakilina 20,000, oili na filta yake 65,000, ufundi 20,000. Jumla 165,000. Nikalipa. Oili ilikuwa imefika wakati wake kweli, na eakilina ilikuwa nyeusi kama chujio la mkaa, kwa hiyo siwezi kusema hela yote iliibwa. Lakini plagi nne!

Niliyagundua miezi miwili baadaye, fundi mwingine alipofungua na kuniambia, "Hii ni tatu, mwalimu. Ona, koili moja, mbili, tatu." Nikarudi gereji ile. Sikwenda kwa ugomvi, nilikwenda na swali tu: plagi ya nne umeifunga wapi? Akacheka mpaka akakaa chini. Alinirudishia 10,000, akasema ile 5,000 iliyobaki "ilishaenda kwenye chai". Mpaka leo sijui nilikasirika au nilicheka. Ila tangu siku hiyo, kabla ya kulipia spea yoyote, namwomba fundi anionyeshe pale inapofungwa, halafu naomba nipewe ya zamani. Usione haya kubeba kifaa kibovu chenye grisi kwenye mfuko. Fundi akijua utaondoka nacho, hatakubadilishia ambacho hakijafa, na hatakuambia amebadilisha ambacho hajakigusa.

Mafuta yakaendelea kuisha Alhamisi.

Gereji ya pili ilikuwa kubwa, ina geti, ina kijana wa mapokezi, na ina kompyuta. Nilipelekwa na mkuu wangu wa idara, ambaye gari lake anajaziwa mafuta na mradi. Hilo nimelifikiria sana baadaye. Mtu asiyelipia mafuta mwenyewe hawezi kukuambia fundi gani anajua mafuta.

Kupima kwa kompyuta ilikuwa 30,000. Waliliingiza gari ndani, mimi nikaambiwa nikae kwenye benchi. Baada ya nusu saa fundi akatoka na kusema oksijeni sensa imekufa. Sensa hiyo inakaa kwenye bomba la moshi, inapima hewa iliyobaki kwenye moshi na kuiambia kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, ipunguze au iongeze mafuta. Ni kweli ikifa gari linaweza kula. Tatizo ni kwamba taa ya injini kwenye dashibodi yangu haikuwa imewaka hata siku moja, na mimi sikuomba kuona hicho kilichosomwa kwenye skrini. Nilisikia neno "sensa" nikashtuka kama mgonjwa aliyetajiwa jina la ugonjwa kwa Kilatini. Sensa ya mtumba 120,000. Wakati huo huo wakasafisha nozeli na throto 60,000, na ufundi 30,000. Jumla pamoja na kupima ikawa 240,000.

Gari lilikaa siku nne. Siku ya tano nalichukua, kilomita zimeongezeka zaidi ya 60 na mafuta niliyoyaacha hayapo. Nilipouliza nikaambiwa walikuwa "wanalijaribu". Gari la kujaribiwa kilomita 60 Mbeya mjini si lazima lifike Mbalizi na kurudi mara kadhaa? Sikuwa na ushahidi wa kuwabana. Siku hizi nikiacha gari gereji napiga picha ya dashibodi, kilomita na mshale wa mafuta vikionekana, na naipiga mbele ya fundi akiona.

Pale pia ndipo nilipojifunza ubaya wa kutengeneza vitu vitatu kwa mpigo. Hata kama gari lingepona, nisingejua limeponywa na nini. Na lilipokuwa halijapona, kila kilichofanyika kilikuwa na utetezi wake: "sensa bado inazoea", "nozeli zinahitaji kutembea kidogo". Baada ya wiki mbili nikarudi, na fundi, bila hata kufungua boneti, akasema sasa itakuwa kontroo boksi, kuna moja ya mtumba anaijua inapatikana kwa 350,000.

Nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza tangu mwanzo: "Tukibadilisha hiyo na isipone, tunafanyaje?"

Akasema, "Aah, sista, spea za umeme hazirudishwi."

Nikachukua ufunguo. Nililia kwenye gari, nikiwa nimeegesha nje ya geti lao, na sioni aibu kuliandika hilo. Ilikuwa Juni, ada za watoto hazijaisha, na nilishatumia 405,000 kwenye gereji mbili kwa gari ambalo tatizo lake liko vilevile. Mume wangu aliniambia tuliuze. Tungeliuza kwa nani, na tungemwambiaje mnunuzi?

Kilichoniokoa kwanza ni hesabu. Mwalimu mwenzangu wa fizikia alinikalisha chini akanielekeza njia ambayo madereva wa malori wanaijua siku zote. Jaza tenki mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe, usilazimishe kuongeza. Rudisha kile kihesabio kidogo cha safari kwenye sifuri. Endesha maisha yako ya kawaida mpaka tenki lifike nusu. Rudi sheli ileile, pampu ileile ikiwezekana, jaza tena mpaka ijikate. Lita zilizoingia ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita kwa lita. Nilifanya hivyo: kilomita 205, lita 21.8. Gari la lita moja, pistoni tatu, linakwenda kilomita 9.4 kwa lita moja! Kuna Prado zinazokaribia hapo.

Na Dar je? Hapo ndipo daftari likaingia. Mimi ni mtu wa kuandika matumizi. Mama alitulea hivyo, kila shilingi ina mstari wake. Nilikuwa na daftari la gari tangu siku ya kulinunua, limejaa lita, kilomita na gharama. Nikatafuta ukurasa wa zamani, mwaka mmoja kabla ya uhamisho: kilomita 412, lita 27.1. Hiyo ni 15.2 kwa lita. Sasa nilikuwa na namba mbili na nilijua siwazi tu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba jibu lote lilikuwa kwenye daftari hilohilo, kurasa chache mbele, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Fundi wa tatu nilielekezwa na dereva wa bajaji aliyekuwa akinibeba zile siku nne. Nilimuuliza, wewe mwenyewe ikiharibika unapeleka wapi? Hakunitajia gereji, alinitajia mtu: mzee mmoja Uyole, hana geti, ana mti, benchi na vijana wawili. Uyole Juni asubuhi baridi inauma mpaka kwenye meno. Nilimkuta ameota moto wa mkaa, sufuria ya chai juu ya jiko.

Nikamwamkia, shikamoo baba, akaitikia, akanikaribisha chai kabla hajaniuliza gari. Nilipoanza kusema, "Naomba uniangalizie sensa…" akaninyamazisha kwa mkono.

"Mwanangu, wewe nieleze gari inaumwaje. Ugonjwa tutautafuta wote."

Halafu akauliza maswali. Imeanza lini? Ilianza ghafla au taratibu? Kabla haijaanza, ulitengeneza nini? Inatembea umbali gani kwa siku, asubuhi inalala nje au ndani? Moshi wake una rangi gani? Ikishuka mlima bila kukanyaga mafuta inateleza au inajishika? Gereji mbili zilizopita hakuna aliyeniuliza hata moja kati ya hayo. Na mimi, kwa haki, sikuwa nimemwambia yeyote.

Kisha akauliza, "Ile taa ya bluu kwenye dashibodi, huwa inazima ukifika wapi?"

Vitz hii haina mshale wa joto la injini. Ina taa mbili tu: ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi, na nyekundu ikichemsha. Nikamjibu kwa fahari kabisa kwamba ya kwangu huzima nikikaribia Mafiati, mbali na nyumbani, na siku za baridi huwaka tena nikishuka mteremko.

Mzee akaweka kikombe chini. "Inazima Mafiati?"

"Kwani inatakiwa kuzima wapi, baba?"

"Getini kwako, mwanangu. Dakika chache tu."

Nilidhani ile taa ni ya urembo. Miezi mitano nimeitazama kila asubuhi, nimeipenda na rangi yake, na ilikuwa inanipigia kelele.

Akaniuliza tena, polepole, kama nimewahi kutengenezewa chochote kwenye rejeta. Nikasema hapana. Kisha nikakumbuka daftari liko kwenye mkoba. Nikafungua. Oktoba, miezi mitatu kabla ya kuhama: "Kimara, gari limechemsha foleni. Kutoa themostati, kuunga feni. 30,000."

Nilikumbuka siku hiyo yote. Jua la saa nane, foleni imesimama, taa nyekundu, mvuke unatoka mbele. Fundi wa kando ya barabara akatoa kidude kama kifuniko cha chuma chenye springi, akanionyesha kwenye kiganja. "Hiki wazungu wanakiweka kwa sababu ya baridi kwao. Huku Bongo hakina kazi, kinachemsha tu gari." Akakitupa. Akaunga feni ya rejeta moja kwa moja, iwe inazunguka muda wote ukiwasha gari. Na kweli gari halikuchemsha tena. Kwa joto la Dar na foleni ya Kimara, injini ilipata joto hata bila hicho kidude, kwa hiyo tofauti ya mafuta sikuiona sana. Kisha nikalileta gari hilohilo kwenye baridi ya Mbeya, likawa linalala nje, linatembea kilomita tisa, linazimwa.

Mzee alinieleza hivi. Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa, maji hayaendi kwenye rejeta, yanazunguka ndani yapate moto haraka. Yakifika nyuzi 80 na kitu, mlango unafunguka. Ukiutoa, maji yanakwenda kupoozwa tangu sekunde ya kwanza, na feni inapuliza juu yake. "Ni kama mtu anapika maharage huku kila dakika anaongeza maji ya baridi. Maharage hayaivi, na kuni zinaisha." Kontroo boksi inasoma kwamba injini bado baridi, kwa hiyo inamwaga mafuta mengi kama mtu anayewasha gari alfajiri. Siku nzima, kwa gari langu, ilikuwa alfajiri.

Kijana wake alichomeka kifaa kidogo cha kusoma, akanipa simu nishike mwenyewe. Tulizunguka robo saa. Joto la maji lilifika nyuzi 61 na kugoma hapo. Kile kifaa hakikuwa na kosa lolote la kuonyesha, hakuna msimbo wa kosa, hakuna taa. Lakini namba ilikuwa pale, ya kusomwa na yeyote anayejua kuisoma. Kwenye ile gereji ya kompyuta nililipa 30,000 na namba hiyo bila shaka ilikuwepo kwenye skrini yao.

Mzee hakukimbilia kufunga themostati. Alianza kwa kupitisha kiganja juu ya rimu moja moja. Ya nyuma kushoto ilikuwa ya moto. Waya wa hendibreki ulikuwa umeshika kutu, haurudi wote. Dar sikuwa naitumia, lakini Mbeya kila unapoegesha ni mteremko. Nilikuwa naendesha huku breki imekamata. Waliupaka mafuta, wakarekebisha, 10,000. Wakaangalia na upepo, matairi yalikuwa chini ya kile kilichoandikwa kwenye kistika cha mlango wa dereva. Akaniambia niende nipime tena mafuta kwanza, nirudi wiki ijayo. Fundi ananifukuza niende nikapime! Kilomita 216, lita 21, yaani 10.3. Kidogo, lakini sasa nilijua hendibreki na upepo vimechangia kiasi gani.

Wiki iliyofuata nikanunua vitu mwenyewe Mwanjelwa, kwa namba ya chesisi niliyoiandika kwenye karatasi, maana "ya Vitz" peke yake haitoshi. Vitz zina injini tofauti na muuza duka atakupa iliyo karibu na mkono wake. Themostati mpya 45,000, kulanti 25,000, mfuniko wa rejeta 15,000. Mfuniko ule ndio ulionifundisha kilichotokea Kimara. Raba yake ilikuwa imekatika, presha haikai, maji yanapotea kidogo kidogo, ndiyo maana gari lilichemsha. Yule fundi aliacha mfuniko wa 15,000 na kutoa kifaa kizima.

Kabla ya kuifunga themostati mpya, mzee aliepua chai, akaweka sufuria nyingine ya maji jikoni, akaitumbukiza humo ikiwa imening'inizwa kwa waya. Tukakaa kuitazama sisi wanne kama watoto wanaosubiri mandazi. Maji yalipokaribia kuchemka, ikafunguka taratibu. Akaitoa, ikapoa, ikajifunga. "Mpya nazo hufika zimekufa," akasema. Maji yaliyotoka kwenye rejeta yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, kutu tupu, kwa sababu miaka yote niliongezewa maji ya bomba. Walisukuma maji safi mara tatu ndipo wakaweka kulanti. Feni ikarudishiwa swichi yake, 15,000. Ufundi 40,000. Ukijumlisha na hendibreki, ni 150,000.

Sikuruhusiwa kuondoka hapo. Mtu aliyerudishiwa themostati kwenye gari lililowahi kuchemsha anapaswa kuhakikisha halichemshi tena, la sivyo atakuwa ametibu tumbo na kuua injini. Tukapanda barabara ya Chunya, ule mlima wa kona, kijana wa mzee ameshika simu anasoma: 84, 88, 90, feni ikawaka yenyewe, 87. Taa nyekundu haikuonekana. Kurudi chini, ya bluu haikuwaka.

Kipimo changu cha kwanza baada ya hapo: kilomita 262, lita 20 kamili. Kilomita 13.1 kwa lita.

Si 15.2. Nilimrudia mzee nikitaka zilizobaki na yeye akanicheka. Safari fupi na milima vina haki yake, alisema. Gari linalozimwa kila baada ya kilomita tisa haliwezi kushindana na gari lililokuwa likitembea Mbezi mpaka Ubungo. Nimelikubali. Kwa kilomita 150 ninazotembea kwa wiki, naokoa karibu lita nne na nusu, na kwa bei ya 3,200 niliyokuwa nanunulia wakati ule, ile 150,000 ilirudi kwenye wiki ya kumi na moja. Ile 405,000 ya mwanzo sitaisema.

Kuhusu oksijeni sensa: nilirudi kwenye gereji ya geti kudai sensa yangu ya zamani. Ilikuwa imetupwa. Risiti sikuwa nayo, nilikuwa na ujumbe wa malipo kwenye simu uliokuwa na jina la mtu, si la gereji. Kijana wa mapokezi alinipa maji ya kunywa na pole. Mzee anasema huenda ile ya kwanza ilikuwa nzima. Anasema "huenda", naye si mtu wa kusema vibaya mafundi wenzake.

Desemba tulishuka Dar kwa likizo. Nilipitia Kimara kuongeza upepo, na yule fundi wa kando ya barabara akanitambua, akafurahi, akafungua boneti bila kuulizwa ili "aniangalizie". Akainama kidogo, akashika bomba la juu la rejeta, akageuka.

"Dada, nani kakurudishia hii kitu? Zima gari, nikutolee chap."

Nilimfungia boneti mwenyewe.